Kwenda Ukweni kwa Gardebu za Bidoni

Tangu nirudi, hakuna aliyepita mbele ya mlango wangu hapa Katuba bila kunisimamisha: "Papa Kalenga, ulienda namna gani? Na gardebu yako iko wapi?" Mmoja nilimpa mkia wa habari, mwingine nikampa kichwa, na sasa nasikia mtaani habari imeota miguu sita. Basi kaeni. Nitasema yote mara moja, polepole, na anayetaka kunikatiza aende kwanza kununua mikate.

Mjue kwanza jambo lenyewe. Kwa watu wa mke wangu Mwape, mwanamume akioa hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mambo yanakaa hivyo hadi siku mama mkwe mwenyewe atakapoamua kumpikia mkwe wake na kumwingiza nyumbani. Siku hiyo anamega bukari, ugali wetu, kwa mkono wake, anamlisha mbele ya ukoo, na tangu hapo mkwe amekuwa mtoto wa nyumba. Wenzangu waliooa dada za Mwape waliingizwa baada ya miaka mitano, wengine saba. Mimi nilingoja kumi na tisa.

Sikuwahi kuuliza sababu, maana nilidhani ninaijua. Siku nilipokwenda kujitambulisha mara ya kwanza nilifika kwa baiskeli, mvua za kifuku zimekaza, na tairi la nyuma lilikuwa limenipiga mstari mwekundu wa matope kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Mimi sikuuona. Nilipogeuka kuondoka kwa heshima zangu zote, ukoo mzima ukauona. Kicheko kile, jamani, nimekaa nacho miaka kumi na tisa.

Sasa mwaka huu moyo wa mama mkwe ukaanza kuchoka. Mwape akaenda kumwuguza, na baada ya majuma matatu akanipigia simu, sauti chini kabisa.

"Kalenga, Mama anasema Jumamosi. Anataka kukuingiza."

"Jumamosi hii?"

"Hii. Usikawie, tafazali. Docteur ameacha kusema mingi."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilifurahi, na niliogopa, vyote pamoja. Kama ningechelewa, huenda mama huyu angeondoka duniani bila sisi wawili kupeana hata neno moja.

Katuba, kwenye mbabula ya Tshibangu

Magari hayafiki kijijini kwao mvua zikianza. Ni baiskeli tu, nami baiskeli ninayo: ndiyo inayonipeleka kila asubuhi mtaa wa Golf, ambako mimi ni mpishi katika nyumba moja ya wakubwa. Haikuwa na gardebu tangu nilipoinunua. Naongea juu ya zile ngao za juu ya tairi za kuzuia matope, wenzetu wa Tanzania wanaziita madigadi. Nikaipeleka kwa jirani yangu Tshibangu, anayetengeneza viatu na miavuli pale kona. Baba yake alitoka Kasai. Mwenyewe ana Kifaransa cha mahakamani na mikono isiyoshindwa na kitu.

"Tshibangu, minaenda ku bukwe. Mugongo yangu haiwezi kufika na matope mara ya pili."

Akaizunguka baiskeli, mikono nyuma. "Bon. Uko na bidoni ya mafuta?"

Mpishi akose bidoni! Nikamletea mbili za njano, madumu ya lita ishirini. Akazikata kwa kuzizunguka, kama unavyomenya chungwa usitake ganda likatike, tukapata mikanda mirefu ya upana wa vidole vinne. Tukalifunga tairi kitambaa kizito. Tukapasha mikanda juu ya mbabula, jiko lake la makaa, mpaka ikalegea, tukailaza juu ya kile kitambaa na kuishika kwa matambara yenye maji, ikapoa ikiwa imeshika mviringo wa gurudumu. Matundu tulitoboa kwa msumari wa moto. Miguu ya kuishikilia ilitoka kwenye mbavu za miavuli iliyokufa, imefungwa kwa waya wa shaba kutoka katika mota iliyoungua, na nyuma kabisa tukaning'iniza kipande cha mpira wa ndani wa tairi, mkia wa kukamata yale ya mwisho. Hakuna kitu hata kimoja kilichotoka dukani.

"Nafasi kati ya tairi na gardebu, tuache ngapi?" nikauliza.

"Kidole moja. Kifuniko yenye kukaa mbali na chungu, ni kifuniko ya nini?"

Mimi mpishi, mniambie, ningekataaje maneno hayo? Niliyakubali kwa mikono miwili.

Nikazijaribu asubuhi tatu za mvua kwenda Golf. Maji ya madimbwi yalinguruma chini ya plastiki, na mimi juu mkavu, naelea. Askari wa getini aliyezoea kunicheka akanizunguka kwa nyuma, akatafuta matope, akayakosa.

"Papa, leo umekuya na taxi?"

Nilimgeuzia mgongo tena, kwa makusudi, autazame vizuri.

Katuba mpaka mwisho wa lami

Niliondoka Alhamisi, shati jeupe limekunjwa ndani ya mifuko mitatu ya plastiki. Mvua ilikuwa ile nyepesi isiyo na haraka, inayowatoa watu njiani na kuwapanga chini ya mabaraza wakikutazama tu. Nilikata mji, nikaingia barabara ya Kasenga. Nyumba zikapungua, miti ikazidi, na maji chini ya gardebu yakaanza kuchemka taratibu kama maharage ya Jumapili. Sauti hiyo inalaza. Nakwambieni ukweli, sehemu kubwa ya siku ile sijui kama nilikuwa macho.

Nilianza kuongea na mama mkwe. Nilikuwa na maneno ya miaka kumi na tisa, na kilima baada ya kilima niliyapanga, nikayapangua. "Mama, aksanti kwa Mwape." Hapana, hilo kila mtu anasema. "Mama, siku ile ya matope..." Hapana, usianze na matope. Shida ni kwamba sikuwa na uso wa kumwambia. Sikuwahi kuuona. Hata picha zake kwenye simu ya mke wangu nilikuwa nazipitisha haraka kwa kidole. Kwa hiyo nikajitengenezea: paji la uso nikachukua la Mwape, kidevu cha binti yetu wa kwanza, macho nikakosa. Nikaendelea na mama asiye na macho, akielea mbele yangu juu ya lami, na mimi nyuma yake nakanyaga pedali.

Nilizinduliwa na sauti kwenye kisoko kimoja cha kando ya njia. Mwanamke alikuwa ananikimbilia, chupa tupu mkononi.

"Papa wa mafuta! Simama! Uniwekee humu!"

"Mama, siko na mafuta."

"Aba! Na ile bidoni?"

"Ni gardebu."

Akaziinamia, akazigonga kwa kidole. Watu wakaanza kusogea. "Sasa juu ya nini unavalisha baiskeli bidoni, na bantu banatafuta mafuta?" Alikasirika kweli, kama vile nimemwahidi. Ikabidi nieleze yote, ukweni, mgongo, miaka kumi na tisa.

"Kumi na tisa?" akasema. "Ee Mungu wangu. Na haujakula kwake hata siku moja?"

"Hata maji."

Akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na kipande kikubwa cha chikanda, mkate wa mizizi na karanga, kwenye jani, ile iliyotiwa pilipili mpaka imekuwa nyekundu ndani. Akakataa kusikia habari ya malipo. "Enda, papa. Mukwe wa kumi na tisa, njaa yake si ya leo."

Niliila nikiendesha kwa mkono mmoja. Ilikuwa tamu kuliko vitu vingi nilivyofunzwa kupika. Jioni nililala kwenye kanisa dogo la mwisho wa lami, kwenye benchi, bila kuota chochote, maana ndoto zote nilizimaliza barabarani.

Njia ya udongo

Ijumaa asubuhi niliiacha lami, na hapo ndipo Tshibangu na mimi tulipoaibika. Huko njia inapita katikati ya vichuguu, vile vikubwa vya kwetu, virefu kushinda nyumba. Ukungu ulikuwa umekaa katikati yao na kila kimoja kilionekana kama mtu mzima aliyejifunika blanketi anayenisubiri nipite. Niliwasalimia wawili watatu. Ndiyo, nilisalimia vichuguu, chekeni tu.

Lakini udongo wa vichuguu ukilowa ni gundi. Ulipanda na tairi, ukaingia kwenye ile nafasi ya kidole kimoja, ukabeba majani makavu, ukajaa. Gurudumu likasimama. Nikashuka, nikachokoa kwa kijiti, nikapanda. Mizunguko kumi, likasimama tena. Nikachokoa. Nikapanda. Mpaka saa sita mchana nilikuwa nimekwenda umbali ambao kuku angekwenda akitafuta chakula chake. Matope ya mjini, ndugu zangu, ni maji yenye rangi. Yanaruka na kuanguka. Sisi tulitengeneza gardebu za mji.

Nikiwa nimepiga magoti na kijiti changu, akanifikia mtu mmoja kwa baiskeli tupu, mwanamume wa umri wangu, mweusi wa vumbi la makala, yale makaa ya kupikia, mpaka kope. Jina lake Musonda. Alikuwa amepeleka magunia yake mjini na sasa anarudi, upande uleule ninaokwenda. Wenzake watatu walipita bila kusimama. Yeye akasimama, akatazama kazi yangu kwa huruma.

"Papa, ile utoe."

"Siwezi."

"Ile ni ya ku goudron, ku lami. Huku udongo anatafuta fasi ya kulala. Weye umemutandikia kitanda."

Nikamweleza habari ya mgongo. Akaonyesha nyuma ya kiti chake, akacheka: alikuwa na kipande cha tairi kuukuu kimening'inia, basi, na chini yake nafasi ya kupita mbuzi. Matope yanaanguka yanapotaka.

"Papa, uchague. Mugongo ao siku."

Mngekuwa ninyi mngechagua siku. Mimi nilichagua mgongo. Nilisema nitasukuma, nitachokoa, nitafika hivyohivyo, nikamkasirikia mtu wa watu aliyekuwa ananisaidia. Hakuondoka. Alitembea kando yangu saa nzima, halafu saa ya pili, akisukuma baiskeli yake, mpaka mvua kubwa ikashuka na jua likaanza kwenda. Hapo tu ndipo nikamwambia: "Leta kisu." Akakata waya za shaba moja moja, kwa upole, akaifunga mikanda ile ya njano nyuma ya kiti chake. Tukakimbia. Tulipofika mtoni giza lilikuwa linaingia, na maji yalikuwa yameshameza daraja la magogo. Wenzake walikuwa wamevuka saa moja kabla yetu.

Kwenye mto

Jumamosi, siku yenyewe, niliipitisha nimekaa kwenye kibanda cha nyasi ng'ambo isiyo yangu.

Maji yalipita mekundu, mazito, yamebeba matawi, na nikiyatazama sana ukingo niliokalia ndio ulioonekana unakwenda. Simu haikuwa na réseau, hata alama moja ya mtandao. Nilijua saa hii wanachinja kuku. Saa hii wanatandika mkeka. Saa hii Mwape anatoka nje kutazama njia. Kama ningetoa gardebu pale Musonda aliponiambia, ningevuka Ijumaa. Saa mbili za kiburi, na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya shati. Nililia, nasema bila aibu, nililia kama mtoto, na mvua ilinisaidia kidogo kuficha.

Musonda aliniacha nilie. Alichukua zile gardebu, akaziinamisha kwenye ukingo wa paa la nyasi, zikawa mifereji. Maji safi ya mvua yakatelemka kwenye sufuria yake. Alipika bukari na samaki wa kukaushwa, wadogo, pamoja na nyanya moja aliyoitoa mfukoni. Aliniwekea nusu kubwa.

"Kula, papa. Mama mukwe haendi fasi."

"Iko mugonjwa wa moyo, Musonda."

Akamimina munkoyo, kinywaji cha mahindi yaliyochachuka, kutoka kwenye chupa yake, akanipa wa kwanza. Ulikuwa mtamu wenye uchachu wa siku mbili, na nikalala nao, nikaamka, nikalala tena. Katikati ya usingizi niliona mama asiye na macho amesimama ng'ambo ya maji, nami namwita, na yeye anaingia majanini kama desturi inavyotaka.

Alasiri maji yalishuka. Tukavuka magogo yakiwa bado yanateleza, baiskeli begani. Giza likatukuta njiani, nikalala kwenye kambi yao ya makala. Mifereji ya njano tuliiacha pale kibandani kwa atakayengoja maji siku nyingine, na mnaouliza gardebu ziko wapi, ndiko ziliko.

Shamba la nje ya kijiji

Jumapili kulipoanza kupambazuka niliagana na Musonda kwenye njia panda. Nilipanda peke yangu, na baiskeli isiyo na kitu ikanitendea ilivyotaka. Matope yalinipiga mgongoni, yakanirudia usoni, yakaingia masikioni. Mpango wangu ulikuwa nipite kwanza kwenye kijito kilicho karibu na kijiji, nioge, nivae shati jeupe, halafu ndipo nitokeze na aibu yangu ya kuchelewa.

Kabla ya kijito kuna mashamba. Ukungu ulikuwa mzito, sioni mbele wala nyuma, na katikati ya ukungu ule nikasikia harufu. Mimi ni mpishi, pua yangu haidanganyiki. Ilikuwa bowa, uyoga wa siku za kwanza za mvua, kwenye rojo la karanga.

"Weye wa makala!" sauti ikaniita, nzito, imekwaruzwa na kikohozi. "Kuya hapa!"

Chini ya kibanda cha shambani alikuwa amekaa bibi mmoja, kajifunga blanketi, mbele ya mafiga matatu na chungu kidogo. Nikasogea; baiskeli za njia ile ni za watu wa makala tu, sikumsahihisha.

"Uko na ulimi?"

"Niko naye, mama."

"Anajua chumvi?"

"Anajua."

"Basi kaa chini, uonje. Na useme ukweli. Hapa minajificha. Batoto bangu banajua minalala."

Akanimiminia maji ya kunawa mikono, akanipa bukari ya ukubwa wa ngumi na bowa kwenye kibakuli cha bati. Nikamega, nikachovya. Alikuwa anatazama mdomo wangu, hakupepesa. Bowa walikuwa wale wadogo wenye nyama, karanga zimetwangwa kwa mkono, na moshi wa kuni umo ndani yake mpaka chini. Nilifumba macho. Siku tatu za mvua zikanitoka mwilini.

"Eh, sema!"

"Mama, chumvi imezidi kidogo. Na karanga ungeziacha ku moto kidogo tena. Lakini hii ni bowa! Hii sijaonja mahali popote."

Akajipiga paja. "Niliwaambia! Beye banasema, 'Mama, iko muzuri, Mama, iko muzuri.' Juu miye mugonjwa. Mugonjwa hawamuambiake ukweli!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji. Akaniuliza nimetoka wapi nikiwa mwekundu hivi; nikamsimulia bidoni, na kijiti, na vichuguu nilivyosalimia, na yeye akafuta machozi ya kicheko kwa pembe ya blanketi. Miaka mingi sijacheka vile na mtu nisiyemjua. Nikamega tonge lingine.

"Ni ya nani hii, mama, mpaka unajificha?"

Akakoroga chungu. "Ya mukwe wangu. Iko mupishi kule Golf, anapikia bakubwa. Bale bengine niliwaingiza mbio: kuku, bukari, kwisha. Huyu? Huyu anapikaka vitu na maziwa, na vin, ile divai, na majina yenye sijui. Miye nitamutilia nini mu sahani? Kila mwaka nilikuwa nasema, mwaka kesho nitajua kupika. Kila mwaka vile, juu ya woga tu. Na sasa docteur anasema hakuna mwaka kesho." Mwiko ukapungua mwendo. "Jana tulimungoja, hajafika. Labda amekasirika. Miaka kumi na tisa, nani hatakasirika?"

Nikarudisha tonge kibakulini. Desturi ilikuwa inapiga kelele: inuka, geuka, kimbia majanini! Sikuinuka. Nilikuwa nimemtazama usoni muda wote ule. Macho yake yalikuwa madogo, ya kahawia, yenye mzaha, wala hayakufanana na ya mtu yeyote niliyemjua. Na nilikuwa nimemwambia chumvi imezidi!

"Mama," nikasema, "hakukasirika."

"Umejulia wapi?"

Ningeweza kusema neno lolote. Lakini mwili una mazoea yake. Kichwa kilishuka chenyewe, bega likageuka upande, mikono ikakutana mbele: vile nilivyokuwa nasimama kwa mbali kila nilipokuja, miaka kumi na tisa. Mwiko ukasimama kabisa. Nikasikia maji yakidondoka kwenye majani ya mihogo. Halafu akavuta blanketi, akajifunika kichwa chote, akanigeuzia mgongo.

Nikaanza kuinuka, kibakuli mkononi, sijui nikiweke wapi.

"Maliza kwanza bowa yako," akasema kutoka ndani ya blanketi.

Nikakaa. Nikampa mgongo nami, na tukakaa hivyo, yeye ndani ya blanketi lake, mimi natazama ukungu, nikala mpaka mwisho. Machozi yaliingia kwenye kibakuli. Maneno yote niliyoyapanga barabarani sikuyakumbuka hata moja, ila hili: "Mama, na mimi nilidhani ni juu ya matope."

"Matope gani?"

"Ya mugongo. Siku ya kwanza."

Halafu blanketi likaanza kutikisika, na nikatambua anacheka. "Ile? Siku ile nilikuwa mu jikoni. Sikuona kitu."

Nikasogeza kibakuli nyuma yangu, karibu na mafiga.

"Kweli chumvi imezidi?" akauliza.

"Kidogo tu, Mama."

"Bon. Enda uoge ku mto. Weye na miye hatujaonana."

Nyumbani kwao Mwape

Niliwatokea nimevaa shati jeupe, safi mbele na nyuma, na Mwape alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo halifanyi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba Mama amelala asubuhi yote na anaonekana ana nguvu. Nikaitikia kwa kichwa.

Mchana walitandika mkeka. Shangazi yake Mwape, aliyeongoza shughuli, akatangaza kwa sauti kwamba huyu mkwe na mama huyu hawajawahi kusikiana sauti wala kuonana uso, na leo njia inafunguliwa. Mama akaletwa ameshikwa mikono miwili. Akaketi mbele yangu, akaondoa kitambaa kichwani, akanitazama. Nami nikamtazama, mbele ya ukoo wote, bila kuogopa kitu. Akamega bukari, akachovya kwenye bowa, akanyoosha mkono, na mkono ule haukutikisika hata kidogo.

"Angalieni!" shangazi akashangaa. "Bengine banatetemekaka mpaka bukari inaanguka. Huyu ni kama amezoea!"

"Kula, mwanangu," Mama akasema.

Nikala. Vigelegele vikapanda. Watu waliponiona nalia walisema mpishi wa mjini ana moyo laini, na nikawaacha waseme.

Alituacha baada ya siku kumi na moja, usingizini, mimi na Mwape tukiwa bado kule. Katika siku hizo tuliongea kila asubuhi, mlango wazi, kama mtu na mama yake, lakini habari ya shambani hatukuigusa hata mara moja, wala Mwape hajui mpaka atakapoisikia kwenu. Atanipiga, najua. Ukoo wake wote utawaambia kwamba Kalenga alikula na mama mkwe wake mara ya kwanza Jumapili ile mchana, mbele ya watu. Hapana. Ilikuwa mara ya pili, na ile ya kwanza chumvi ilizidi.